Si Watu Waliohama, ni Mpaka

Ndugu msomaji, mwanafunzi arudipo nyumbani na kazi ya utafiti, wengi wetu humwambia, "Nenda maktaba," tukadhani tumekwisha kumsaidia. Lakini maktaba ni kama soko: aingiaye bila kujua anachokitafuta hutoka na kikapu kitupu.

Chukua mfano wa kijana wa Kibaha aliyetakiwa kueleza mabadiliko ya idadi ya watu wilayani Kisarawe. Akifungua taarifa ya sensa ya mwaka 1988, kisha ile ya mwaka 2002, atakuta watu wamepungua sana, wakabaki 95,614. Mara ataandika kwamba wananchi wamekimbilia Dar es Salaam. Maelezo hayo yatapendeza, kumbe si kweli. Hawakuhama watu; ulihama mpaka. Katika miaka ya 1990 Wilaya ya Mkuranga ilimegwa kutoka Kisarawe, na katika sensa hiyo ya 2002 Mkuranga peke yake ilihesabiwa watu 187,428.

Ukweli huo hauonekani katika jedwali moja la takwimu. Hupatikana kwa kulinganisha ramani za zamani na mpya, na kwa kusoma maelezo ya utangulizi ambayo wengi huyaruka.

Basi, mzazi, mfunze mwanao mambo matatu. Kwanza, asianze kwa kupekua rafu. Amweleze mkutubi swali lake lote, maana hiyo ndiyo kazi ya mkutubi. Pili, kamusi, ensaiklopidia, atlasi na taarifa za takwimu ni vitabu vya marejeo, na kwa kawaida haviazimwi. Hana budi kwenda na daftari, aandike jina la kitabu, mwaka kilipochapwa na ukurasa. Tatu, asiridhike na shahidi mmoja.

Akikosa kitabu maktaba ya karibu, iko Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa tarehe 9 Desemba 1967. Nauli si bure, kwa hiyo aandike maswali yake kabla ya kupanda basi. Siku hizi takwimu hupatikana hata katika simu. Lakini simu nayo haitamweleza habari za mpaka asipouliza.

Jambo hili si la alama za darasani tu. Mwanafunzi wa leo ndiye ofisa wa kesho, atakayepanga madarasa na zahanati kwa hesabu hizo hizo. Akizoea kukosea sasa, watakaoumia ni wagonjwa na watoto wa wenzetu.

Kuuliza si ujinga. Tukutane Jumapili ijayo.