Njia ya Baiskeli si Anasa

Yapo mawazo potofu ambayo yamekaa muda mrefu katika vichwa vya baadhi ya watumishi wa umma, kwamba baiskeli ni chombo cha mtu aliyeshindwa. Kwa mujibu wa mawazo hayo, mwalimu anayefika shuleni kwa baiskeli hajafanikiwa, bwana shamba anayewafuata wakulima kwa baiskeli amedharauliwa, na njia isiyopitisha gari haistahili kuitwa barabara. Hiyo ni kasumba. Na kama zilivyo kasumba nyingine, gharama yake hailipwi na yule anayeishikilia. Hulipwa na wengine.

Wanaoilipa wanaonekana kila siku wilayani Kilosa. Mtu anayetoka Magomeni kuelekea kusini, kwa njia ya Ulaya hadi Mikumi, hupita mashamba, vijito vya msimu na misitu ya miombo. Akielekea magharibi huliingia bonde la mto Mkondoa, linalopenya baina ya milima ya Ukaguru na Rubeho. Akielekea mashariki huikuta nyika ya Mkata. Katika njia zote hizo za changarawe na udongo, baiskeli ndiyo inayobeba gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, dumu la maji, mkaa, mgonjwa na mtoto wa shule. Chombo kinachofanya kazi yote hiyo kinawezaje kukosa hata mstari mmoja katika mipango ya barabara?

Historia ya bonde hilo inatosha kumtia haya anayedhani kwamba njia ni jambo dogo. Misafara ya Bagamoyo iliyokwenda Tabora na Ujiji ilipita hapo, mizigo ikiwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Stanley alilipita bonde hilo mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Baadaye Wajerumani wakalifuata bonde hilo hilo kwa Reli ya Kati. Katika zama zetu, reli ya kisasa iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024 imetobolewa mahandaki katika milima ya Kilosa. Kila mwenye shehena kubwa alitafutiwa njia. Mpanda baiskeli peke yake ndiye aliyeachiwa ajitafutie yake, baina ya mtaro na magurudumu ya lori.

Adui wa kwanza wa njia ya changarawe ni maji. Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mafuriko yaliyoanza mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia mwaka 2010 yalibomoa tuta la mto Mkondoa, yakawaacha maelfu ya watu bila makazi, na yakaing'oa reli kiasi kwamba treni zilisimama kwa miezi. Lakini njia nyingi hazifi kwa gharika ya namna hiyo. Hufa kidogo kidogo, kwa mtaro ulioziba majani, kwa karavati lililojaa mchanga, kwa mgongo wa barabara uliolala na kuyaacha maji yasimame katikati. Udongo mweusi wa mbuga ukishalowa, gurudumu la baiskeli halizunguki tena. Mwenye baiskeli huibeba begani. Panapokuwa na kijito kisicho na daraja, mtoto hurudi nyumbani au huvuka kwa kubahatisha. Kurudi ni kupoteza masomo. Kubahatisha kunaweza kuwa ni kupoteza maisha.

Adui wa pili ni mazoea ya kitaalamu yanayoliona gari peke yake. Greda likipita husukuma changarawe legelege pembezoni, mahali pale pale mpanda baiskeli anapolazimishwa kupita. Barabara ikiwekwa lami, ukingo wake huachwa juu kama ngazi, hata baiskeli yenye mzigo ikishushwa na honi ya lori haiwezi kupanda tena bila kuanguka. Hapo husemwa kwamba mpanda baiskeli alikuwa mzembe. Ukweli ni kwamba mchoro wa barabara haukumkumbuka.

Watakuwapo watakaosema kwamba zama za baiskeli zimepita, kwa kuwa bodaboda imefika hadi kijijini. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Pikipiki imewasaidia wengi, na hapana sababu ya kuipiga vita. Lakini pikipiki hunywa petroli, na petroli yote huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Mwanafunzi atalipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi kila siku ya masomo kwa fedha ya nani? Baiskeli haihitaji mafuta, na fundi wake yupo chini ya mwembe na spana zake mbili. Zaidi ya hayo, kivuko kitakachompitisha mwenye baiskeli kitampitisha pia mwenye pikipiki, mama mwenye ndoo na mzee mwenye mkongojo. Anayeitetea njia ya baiskeli anawatetea wote hao.

Wapo pia wanaoigundua baiskeli pale tu wanapomwona mgeni juu yake. Ni kweli kwamba mchezo wa baiskeli katika barabara za changarawe umekua duniani, na Afrika Mashariki imo. Nchini Kenya mashindano ya namna hiyo yameanzishwa katika nyika za Maasai Mara, na Mkenya Suleiman Kangangi, aliyefariki mwaka 2022 akiwa mashindanoni Marekani, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwafungulia vijana wa ukanda huu mlango wa mchezo huo. Mwaka 2025 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Kilosa nayo ina miombo, mabonde na milima, na mji wa Mikumi umekaa kando ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Hapana ubaya wowote mgeni akija kupanda baiskeli huko na kuacha fedha kwa mama lishe na kwa fundi.

Ubaya ni kuweka kibao cha kumwelekeza mgeni mahali ambapo mwanafunzi hana daraja. Njia itakayomfaa mkazi kwa miezi 12 itamfaa mgeni kwa siku zake tatu, lakini njia iliyotengenezwa kwa ajili ya mgeni peke yake itaota majani akishaondoka.

Itasemwa kwamba fedha hakuna. Lakini daraja la waenda kwa miguu na baiskeli haligharimu sawa na daraja la malori. TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini, imekwisha kuonyesha katika mkoa wa Kigoma na kwingineko kwamba daraja la upinde lililojengwa kwa mawe ya mahali hapo hupunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Na ndani ya Kilosa yenyewe vipo vijiji vilivyoingia katika mpango wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012, vikatumia ushuru wa misitu yao kwa shughuli za maendeleo, yakiwamo madarasa. Darasa ni jambo jema. Lakini darasa lisilofikika wakati wa masika ni jengo tu.

Waholanzi, ambao leo husifiwa kwa njia zao za baiskeli, hawakuzaliwa nazo. Mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 walikufa katika ajali za barabarani nchini mwao. Wazazi wakaingia barabarani kupinga mauaji hayo, na serikali ikalazimika kubadili michoro yake. Je, ni lazima Kilosa nayo isubiri mazishi ndipo ianze kuhesabu?

Kuhesabu ndiko kuanza, na kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa walimu na watumishi. Mwalimu mkuu anaweza kuorodhesha wanafunzi wanaokuja kwa baiskeli, na siku walizokosa kwa sababu ya mto. Mtendaji wa kata anaweza kuvipeleka vivuko hivyo, kimoja kimoja kwa jina lake, katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mhandisi anaweza kuongeza bega la barabara kwenye mchoro kabla haujatiwa saini. Diwani anaweza kukataa kupitisha bajeti isiyo na fedha ya kuzibua makaravati kabla ya mvua.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaka mtu kusafiri ng'ambo kwenda kujifunza. Linalotakiwa ni kuiacha kasumba, na kumtambua mpanda baiskeli kuwa ni mwananchi mwenye safari yake, mwenye haki ya kufika salama kama alivyo mwenye gari.