Sali za PlayStation Goma: zisifungwe, ziwekewe masharti

Katika mitaa ya Goma, kutoka Ndosho mpaka Majengo, kutoka Katoyi mpaka Mabanga, jambo moja linagawanya wazazi: zile nyumba ndogo za mbao ambamo vijana wanalipa ili wacheze PlayStation. Kuko wanaotaka shefu wa mtaa azifunge zote. Kuko wanaosema heri mtoto awe mule ndani kuliko kuzurura barabarani. Na wenye sali wanajibu kwamba wao wanatafuta chakula cha watoto wao, hawakumwita mtoto wa mtu.

Maneno hayo yameongezeka tangu vita vilipojaza mji watu waliokimbia Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Kambi nyingi zilizokuwa kandokando ya Goma zilivunjwa mwanzoni mwa 2025. Jamaa zingine zilirudi vijijini, zingine zimebaki mjini, kwa ndugu ama katika chumba cha kupanga. Watoto wao sasa ni majirani wa watoto wa hapa, na wanakutana nao mbele ya televisheni ile ile.

Kufunga sali zote si dawa. Kuziacha jinsi zilivyo pia si dawa. Kinachokosekana ni masharti matatu, na hakuna hata moja linalongojea feza ya serikali wala ya shirika: saa za kucheza, umri wa mchezo, na kuachana na desturi ya "mwenye kupigwa analipa".

Kwanza ieleweke kwa nini sali hizo zipo. Ndani kuna televisheni mbili ama tatu, benchi, na maneti zilizofungwa kwa skochi. Mashine nyingi ni za zamani. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, na kiwanda kiliacha kuitengeneza 2013, lakini mitaani ingali inafanya kazi. Sababu ni rahisi: diski inaingia, mchezo unaanza. Haiombi intaneti, haiombi akaunti, haiombi kitu kingine ila umeme.

Mashine mpya haziko hivyo. Mchezo mmoja wa PlayStation 4 ama 5 unaweza kupita giga 50, na hata aliyenunua diski anaombwa tena kupakua nyongeza. Ule mchezo wa mpira ambao vijana wengi waliujua kwa jina la PES uligeuka kuwa eFootball mwaka 2021. Kuupata ni bure, lakini unapakuliwa kwa intaneti na kuchezwa kwa intaneti. Mtu wa Goma anayenunua mega za siku moja moja anaelewa haraka kwamba "bure" hiyo ina bei.

Ndiyo maana jibu la wazazi wengine, "mimi nitamnunulia mwanangu simu achezee nyumbani", halitatui jambo. Katika nyumba nyingi intaneti ni simu ya baba ama ya mama, basi. Mtoto akiishika saa moja, mega za siku nzima zinakwisha, mara nyingine si kwa sababu ya mchezo bali kwa sababu programu za ndani zinajisasisha zenyewe bila mtu kujua. Mzazi anayetaka kuokoa mega zake aingie katika mipangilio ya Play Store, aweke kwamba programu zisasishwe kwa wifi peke yake. Hilo linachukua dakika moja na halilipiwi.

Kuko pia wanaotumaini intaneti ya satelaiti. Mwaka 2024 mamlaka ya posta na mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilikuwa imekataza Starlink; mwezi wa tano 2025 ikaipa ruhusa. Ni habari njema kwa mwenye ofisi, na kwa mwenye kununua chombo na kuwauzia majirani wifi kwa saa. Lakini kwa mama anayeuza makala kwa vifungu vidogo, intaneti ya nyumba ingali mbali. Basi sali ya mtaa itaendelea kuwapo, na ni heri kuitengeneza kuliko kujifanya haipo.

Malalamiko ya wazazi yana ukweli. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, feza imekuwa ngumu kushikika. Mtoto anayetumwa kununua bido ya maji, akarudi mikono mitupu kwa sababu amepitia kwenye PlayStation, anaumiza nyumba nzima. Kuko watoto wanaoiba nyumbani. Kuko wanaotoka asubuhi na mkoba wa masomo na hawafiki masomoni. Hakuna mwenye sali anayeweza kusema hajawahi kuwaona.

Ila mambo hayo yana chanzo kinachoonekana. Cha kwanza ni desturi ya "mwenye kupigwa analipa". Vijana wawili wanacheza mechi. Aliyeshinda anabaki kwenye benchi bila kutoa kitu, aliyeshindwa analipa mechi nzima. Kwa macho ya haraka inaonekana ni utani wa vijana. Kwa kweli ni kamari ndogo, na inamla mtu mmoja zaidi ya wengine: mgeni. Mtoto aliyezaliwa Majengo ameshika maneti tangu ana miaka sita. Mtoto aliyetoka kijijini Masisi ameiona kwa mara ya kwanza mwaka jana. Wakikaa pamoja, anayelipa kila siku ni yule yule. Anarudi kesho akitaka kulipiza, analipa tena. Namna hiyo makuta ya jamaa iliyopoteza shamba na mbuzi yanamlipia mtoto wa mwenyeji mchezo wake. Kila mmoja akilipa nusu yake kabla ya mechi kuanza, mwenye sali anapata kile kile, na kamari inakwisha.

Chanzo cha pili ni umri wa mchezo. Ulaya, kwenye jalada la kila mchezo kuna namba ya alama ya PEGI: 3, 7, 12, 16 ama 18. Michezo ya mpira mara nyingi ina 3. GTA San Andreas, ambayo vijana wa Goma wanaipenda tangu zamani, ina 18, kwa sababu mule ndani watu wanapigwa risasi, wanakanyagwa na magari, na damu inaonekana. Lakini diski za mitaani nyingi ni za kunakili. Zinafika bila jalada, jina limeandikwa kwa kalamu, na namba ya umri ilibaki huko zilikotoka. Matokeo yake, mtoto wa miaka minane anakaa kwenye benchi akiangalia kijana wa miaka ishirini akiua watu kwenye televisheni. Na huyo wa miaka minane pengine alipita Sake akikimbia mabomu ya kweli. Hakuna haja ya mganga mkubwa kueleza kwamba mlio huo haufai masikioni mwake. Mwenye sali anaweza kuamua: mchana, watoto wakiwamo, ni mpira na mbio za magari, ya bunduki ni ya wakubwa, na kwa saa yao.

Chanzo cha tatu ni saa zenyewe. Sali zingine zinakataa mwanafunzi aliyevaa bulu na nyeupe, na hilo ni jambo la kusifu. Lakini halitoshi. Mtoto mjanja anavua shati, analitia mkobani. Na mtoto wa jamaa iliyokimbia vita, ambaye hajapata masomo, hana hata hiyo inifomu ya kumtambulisha. Anaweza kukaa mule toka asubuhi mpaka giza, hakuna anayeuliza. Inafaa kuwe saa inayojulikana na mtaa mzima: watoto hawaingii kabla masomo hayajatoka, na jioni wanatoka kabla ya giza, kwa sababu njia za usiku Goma si za mtoto.

China ilijaribu jambo hilo kwa nguvu ya serikali. Tangu mwezi wa tisa 2021, wenye umri chini ya miaka 18 wanaruhusiwa kucheza michezo ya intaneti saa moja tu, usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na siku za sikukuu. Programu zinadai kitambulisho kabla ya kumfungulia mtu. Goma haiwezi kuiga njia hiyo. PlayStation 2 haijui nani ameshika maneti. Anayejua ni mwenye sali, kwa sababu anamwona mtoto uso kwa uso, anamjua mama yake, anajua anakaa avenyu gani. Katika jambo hilo sali ya mbao inaipita intaneti ya nyumbani: kuna mtu mkubwa anayetazama, akitaka kutazama.

Kuko watakaosema: watu wamekosa unga, na huyu anahangaika na michezo; mtoto wa mkimbizi ana haja gani ya PlayStation? Jibu la kwanza ni la sheria. Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989, ambao Kongo iliuridhia 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukuandika "isipokuwa aliyekimbia vita". Jibu la pili liko ndani ya mashine zenyewe. Koltani inayochimbwa Rubaya, wilayani Masisi, inatoa tantalum, madini yanayotumika kutengeneza vipande vidogo vinavyotunza umeme katika simu, kompyuta na mashine za michezo. Mtoto wa Masisi akishika maneti hajiingizi katika mambo ya wazungu. Milima ya kwao ina sehemu katika vyombo vya namna hiyo, hata kama haijamletea faida.

Wazazi nao wasiite kila kitu ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, limetia ugonjwa wa michezo katika orodha yake mpya iliyoanza kutumika 2022, lakini limeweka vipimo: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unapita kila kitu katika maisha yake, anaendelea hata akiona unamwangamiza, na kwa kawaida hali hiyo inadumu mwaka mmoja ama zaidi. Mtoto anayeshangilia bao Jumamosi mchana hayumo. Mtoto asiyekula, asiyelala, anayeiba kila juma, huyo anahitaji kukalishwa chini na kuulizwa, na mara nyingi kutaonekana kwamba PlayStation ni mahali anapokimbilia jambo lingine.

Kazi iliyobaki ni ya watu wa mtaa. Shefu wa nyumba kumi awaite wenye sali walio katika nyumba zake, pamoja na wazazi wawili ama watatu, wenyeji na waliokimbia vita. Waandike masharti kwenye karatasi moja: saa za watoto, michezo ya watoto, kila mmoja alipe nusu yake kabla ya mechi. Karatasi ibandikwe mlangoni. Mwenye sali anayeifuata aachwe afanye kazi yake bila kusumbuliwa. Anayeikataa, wazazi wajue, na watoto wapelekwe kwa jirani yake. Hapo kila mwenye biashara ataona faida iko wapi.

Sali ikifungwa kwa nguvu, itafunguliwa juma lijalo katika ua wa nyuma, bila dirisha, na mzazi hatajua tena mtoto wake yuko wapi. Ikibaki wazi kando ya barabara, na karatasi mlangoni, mama anayepita na bido yake anaweza kuchungulia, akamwona mwanawe, akamwambia saa imetimia.