Asimfiche Daktari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu mdogo wangu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, anayeishi Uingereza. Anameza vidonge vya estrojeni huku akingoja upasuaji wa kubadili jinsi. Ameniandikia kwamba huzidisha dozi na huvuta sigara, na daktari hajamwambia, anaona haya. Haya hiyo tulimtia sisi tuliomcheka utotoni, nami nikiwamo.

Estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Sigara huchelewesha kidonda kupona. Hapa kwetu hata mama anayetaka vidonge vya majira huulizwa kwanza habari za presha na sigara! Nimemjibu: sigara aache, dozi aamue daktari. Nangojea barua yake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilwa, Lindi.