WANAOJENGA KWETU WASIONDOKE NA DAFTARI

Usa River, Meru

Katika nchi yetu leo mradi mmoja mkubwa waweza kuwa na mkandarasi kutoka China, mkopo kutoka benki ya ng'ambo na mshauri kutoka Ulaya, huku jasho likiwa la kijana wa Meru. Hatulalamiki. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Lakini twauliza swali moja: kazi ikiisha na mitambo ikiondoka, nani hubaki na maarifa yake?

Wako wasomi wanaosema kwamba usimamizi wa miradi ya kimataifa ni elimu iliyokwisha kamilika. Wamarekani, wanasema, walianzisha chama chao cha Project Management Institute mwaka 1969, wakaandika vitabu, na kazi yetu sisi ni kununua vitabu hivyo, kukariri na kupata cheti. Sisi twasema: cheti ni kizuri, lakini kitabu cha ugenini hakijui udongo wa Kongwa wala maji ya Meru.

Itazameni Kongwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa John Wakefield kutafuta ardhi ya kulima karanga. Kwa majuma tisa tu wakazunguka, wakarudi na mpango wa eka zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka. Wagogo walijua kwamba mvua ya huko haiaminiki na kwamba udongo ule kiangazi hukauka kama saruji. Nani aliwauliza? Januari 1951 mpango ukatupwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Kampuni kubwa ya biashara ilikuwapo, serikali ilikuwapo, mashine zilikuwapo. Kilichokosekana ni shamba dogo la majaribio na watu wa utafiti wenye ruhusa ya kusema: "Ngojeni kwanza."

Hapa Meru nako twajua shauri la namna hiyo. Tume ya Jaji Wilson ilipanga kwenye ramani ardhi ipi iwe ya walowezi na ipi iwe ya Waafrika. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 wakafukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa. Kirilo Japhet akapeleka kilio chao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Nao huo waliuita mpango wa maendeleo! Dhuluma ile na hasara ya Kongwa zina mama mmoja: walioshika kalamu hawakutaka kuwasikiliza wanaoishi mahali penyewe.

Leo hatuna gavana wa kumlaumu. Kosa likirudiwa ni letu wenyewe.

Chukueni maji. Maji mengi yanayotoka katika mlima huu wa volkano yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 nchi yetu, kwa shida ya maji vijijini, iliweka kipimo cha muda cha miligramu 8. Matokeo hayahitaji darubini: watoto wenye meno ya kahawia, na wengine wenye miguu iliyopinda. Huu si mjadala wa vyeti. Ni mifupa ya watoto wetu.

Je, wataalamu hatuna? Tunao! Jirani yetu Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji kilichotafiti namna ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela. Mhadhiri wake, Askwar Hilonga, alitengeneza chujio la maji, akaanzisha kampuni ya kulitia sokoni, na mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kikampa tuzo yake ya Afrika. Waingereza wa London wamemwona mtu wa Tengeru. Sisi wa barabara moja naye tunasubiri nini?

Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wenye thamani ya shilingi bilioni 520, ulijengwa kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Deni lake tutalilipa sisi na watoto wetu. Basi kila somo lililopatikana humo, kisima kipi kilifaa na kipi kilikataa, kazi gani ilichelewa na kwa nini, ni mali yetu kama mabomba yenyewe. Anayelipia shule hanyimwi daftari.

Msituambie kwamba chuo na biashara haviwezi kukaa pamoja. Wakulima wa kahawa wamekwisha onyesha njia. Utafiti wa Lyamungu ulianza mwaka 1934 chini ya serikali ya kikoloni. Tangu mwaka 2001 unaendeshwa na TaCRI, taasisi ya wadau wa kahawa, inayochangiwa na makato ya mauzo ya kahawa yenyewe. Mkulima analipa, kwa hiyo ana haki ya kumwuliza mtafiti: "Mche wangu umekufa, kwa nini?" Huo ndio ushirikiano.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa mradi mkubwa utaje chuo cha nchini kitakachoufuatilia tangu siku ya kupima ardhi, si siku ya kukata utepe. Pili, kumbukumbu za kazi ziachwe nchini, na muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili ili diwani na mwenyekiti wa kijiji wausome. Tatu, vyuo navyo vitoke rafuni. Profesa anayeandika ili asomwe na maprofesa wenzake tu ni sawa na kisima kilichofunikwa.

Kampuni zitasema hizo ni siri za biashara. Bei ya nati iwe siri yao, hatuitaki. Lakini sababu ya bomba kupasuka chini ya kijiji chetu si siri ya mtu.

Wageni na waje, wajenge, walipwe haki yao. Tukibaki na jengo bila maarifa, bomba la kwanza likipasuka tutawapigia simu walewale, na tutakopa tena ili waje kutuambia tulichopaswa kukijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na asiyepona, ajiulize alikuwa wapi mgeni alipokuwa akifanya kazi.