Handaki la maji: nani anasoma kipimo?

Nimepotea hapa wiki kadhaa, kazi zilinizidi, na stima ya huku Ndalu mnaijua. Leo naweka programu kando kidogo (si sana) niongee juu ya handaki.

Nilipokuwa nasoma kompyuta Nairobi, bomba la ploti yetu lilitoa maji mara mbili kwa wiki, tena usiku. Tulikuwa tunaamshana saa nane kujaza mitungi. Kwa hivyo mtu akiniambia Nairobi haina shida ya maji, sitamsikiliza. Lakini mimi pia ni mtoto wa Ndalu. Mama bado huchota maji kijitoni, na najua mwezi wa pili kile kijito huwa kimebaki kiasi gani. Akija mtu na mashine ayachukue maji yale chini kwa chini apeleke mjini, nitamuuliza swali lile lile waliloliuliza watu wa Murang'a: sisi tutabaki na ngapi?

Kwa ambao hawakufuatilia: handaki la Northern Collector lina urefu wa kilomita 11.8, limepita chini ya ardhi kwenye miteremko ya Aberdare. Linachukua maji ya mito mitatu, Maragua, Gikigie na Irati, linayamwaga mto Githika, yanaingia bwawa la Ndakaini lililokamilika 1994, kisha Nairobi. Lengo ni lita milioni 140 kwa siku, na Benki ya Dunia ilitoa mkopo. Wenyeji waliogopa mito kukauka, na chemchemi pia, maana ukitoboa mwamba wenye maji hujui yatapita wapi. Maragua nao huishia mto Tana, kwa hivyo hata walio mbali kule chini wana haki ya kuuliza. Mwaka 2016 Raila Odinga akaonya kwamba sehemu hizo zitageuka jangwa, upande wa serikali ukakana, na basi, mjadala ukawa wa vyama. Mto ukasahaulika.

Jibu rasmi lilikuwa kwamba handaki litachukua maji ya mafuriko tu. Sasa hapo ndipo navaa miwani ya kazi. "Mafuriko tu" ni sharti. Kwenye programu ni mistari miwili: kama mto umepita kiwango, chukua, kama haujapita, acha. Rahisi mno! Ila sharti si kitu kama huijui namba iliyo ndani yake na hujui nani anaisoma. Kiwango ni kipi kwa kila mto? Kinapimwa juu ya mahali handaki linapochukulia maji, au chini yake? Na wakati wa kiangazi, Nairobi ikiwa na mgao na simu za wakubwa zinalia, nani anathibitisha kwamba maji hayachukuliwi? Ripoti ya tathmini, hata iwe nzuri namna gani, huandikwa kabla ya maji kupita. Haiwezi kuniambia Jumanne iliyopita ilikuwaje.

Mimi sisemi handaki lisingechimbwa. Nasema vipimo vya mito hiyo mitatu, juu na chini, viwekwe kwenye intaneti kila siku, mtu yeyote avisome bila kuandika barua. Ibara ya 35 ya Katiba inatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Maji ya 2016 inataka mto ubakishiwe akiba ya watu na ya viumbe. Kifaa cha kupima kina cha maji, laini ya simu, ukurasa mmoja mwepesi, na SMS kwa wasio na intaneti. Ukilinganisha na gharama ya kupasua mwamba kilomita 11.8, hizo ni pesa za chai.

Rafiki yangu mmoja injinia aliniambia wananchi hawataelewa namba. Nilicheka. Mkulima wa majani chai, anayepiga hesabu ya kilo na bonasi kichwani kuliko karani wa kiwanda, ashindwe na sentimita za mto?

Mimi nimeanza na kijito chetu. Nimesimika ufito wenye alama kila sentimita tano, kijana wa jirani anausoma asubuhi akienda shule, ananitumia SMS, programu inahifadhi. Nina siku 41. Leo ilikuwa sentimita 35.