Kolestero ya kurithi haijali kabila wala wembamba

Jamani, kuna hoja moja ya vijiweni hapa Ngarenaro inanikera. Ukigusia tu kolestero, atatokea mtu na kipande cha nyama choma mkononi: "Mbona Wamasai wanakula nyama na maziwa miaka yote na mioyo yao mizima?" Basi, mjadala umekwisha. Kolestero ni ya wazungu na vitambi.

Sikatai, hoja ina msingi. Mwaka 1964 Mmarekani George Mann alichapisha matokeo ya kuwapima wanaume wa Kimasai 400 wa Tanganyika. Dalili za ugonjwa wa moyo hakuziona. Lakini vijiwe haviendi hadi 1972, alipochapisha uchunguzi wa mioyo ya Wamasai 50 waliofariki: mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwepo! Kilichowasaidia ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka, naye akadhani ni kwa sababu ya mazoezi.

Halafu kuna kolestero ambayo haitoki kwenye sahani, inatoka kwa baba au mama. Mafuta hayachanganyiki na maji, hivyo husafiri kwenye damu ndani ya vifurushi viitwavyo lipoproteini: katikati kolestero na mafuta, nje ganda lenye protini. Kifurushi cha LDL ndicho hubeba kolestero nyingi kuliko vingine. Protini iliyo juu yake hushikwa na vipokezi vya ini, kikaondolewa kwenye damu. Michael Brown na Joseph Goldstein waligundua kuwa kwenye ugonjwa huu wa kurithi vipokezi hivyo ni pungufu au vibovu, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. LDL inabaki inazunguka na kujipenyeza kwenye mishipa tangu utotoni.

Makadirio ya dunia ni kama mtu 1 kati ya 300. Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi. Anaweza kuwa mwembamba, hali nyama, anapanda Mlima Meru bila kuhema.

Sasa mtu wa miaka 40 anaanguka ghafla, kama baba yake alivyoanguka. Msibani tunanong'ona: ukoo umerogwa. Nasema hivi: huo "uchawi" unapimika maabara. Tumezoea kupima presha na sukari, lakini ndugu na watoto wa marehemu wa namna hiyo wapimwe na LDL pia. Mtu mzima akifika 4.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, daktari ana sababu ya kushuku ugonjwa huu. Dawa zipo: simvastatini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007.

Kula nyama yako, sikuzuii. Ila kabla ya kuwatolea mfano Wamasai, muulize mama yako babu alifariki na nini, na akiwa na miaka mingapi.