Tuhesabu Miti, Siyo Miche

Jumapili moja baada ya ibada yetu ya Kiswahili, tukiwa bado tunarudisha viti mahali pake (ukumbi tumeazimwa, lazima tuuache kama tulivyoukuta), katibu alisimama akatangaza mchango. Wenye kazi pauni 10, wanafunzi pauni 5. Pesa inakwenda nyumbani Tanzania, kwenye kanisa moja la kijijini, ipandwe miche 1,000 mwanzoni mwa masika. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Halafu nikaomba kuiona bajeti, maana sisi watu wa uhandisi ndivyo tulivyo, na jamani, niliishiwa nguvu. Miche ilikuwemo, usafiri, fulana, bango, vipaza sauti na chakula cha wageni. Maji hayakuwemo. Mtu wa kumwagilia hakuwemo.

Naomba nisieleweke vibaya. Sipingi kanisa kupanda miti, na wale wanaosema mazingira ni mambo ya Wazungu wamekosea kabisa. Kule Kilimanjaro, Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT imewafanya wanafunzi wa kipaimara wapande miti kama sehemu ya mafundisho yao, na Askofu Dkt. Fredrick Shoo, aliyechaguliwa kuwa Mkuu wa KKKT mwaka 2015, amejulikana hata nje ya nchi kama askofu wa miti. Hilo ni letu, hatukulisoma kwenye vipeperushi vya huku Uingereza. Ninachouliza mimi ni kimoja tu: baada ya picha, nani anabaki na mche?

Nauliza kwa sababu na mimi ni mkosaji. Wakati wa kipaimara changu, kanisa silitaji, nilipanda mringaringa. Mwalimu alitupanga mstari nyuma ya kanisa, tukapigwa picha, tukaimba, tukaenda kula pilau. Sikurudi kuumwagilia hata siku moja, na wala hakuna aliyeniuliza. Nilipokwenda likizo mwaka 2023 nilizunguka kule nyuma nikakuta mbuzi wamefungwa kwenye vigingi. Miringaringa iliyokuwa hai ni mitatu, mikubwa, kivuli kimetanda, na yote iko jirani na jiko la mlinzi. Mkewe alikuwa akimwaga pale maji aliyooshea vyombo. Basi, siri yote ni hiyo. Yule mama hakupewa fulana wala hakupigwa picha.

Sasa hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika. Masika yakiisha mwishoni mwa Mei, mche mchanga una kama wiki 20 za ukame mbele yake kabla ya vuli. Mizizi bado iko juu juu. Tuseme kila mche unapata lita 5 kwa wiki, ambazo si nyingi. Miche 1,000 itataka lita 100,000 mpaka vuli ifike. Nani atazibeba? Akina mama wale wale wanaochota maji ya nyumbani kwa ndoo? Miche 200 inataka lita 20,000, yaani matangi mawili ya lita 10,000. Na hayo kanisa linaweza kuyajaza lenyewe bila kumwomba mtu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Bati la kanisa la mita za mraba 300, ukitoa asilimia 20 inayopotea, linakupa lita 240 kwa kila milimita. Kwa hiyo milimita 84 hivi zinatosha, na sehemu nyingi za kwetu masika huleta zaidi ya hapo. Paa tunalo tayari. Maji yanashuka kila mwaka yanachimba msingi wa kanisa, na sisi tunaomba mvua!

Nilipoyasema haya, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwanangu, kazi ya Mungu haipimwi kwa rula." Nilinyamaza, kwani kwetu mkubwa hajibiwi mbele za watu. Lakini humu naweza kuandika. Mzee wangu, sadaka tunaihesabu kila Jumapili mpaka senti ya mwisho, na wiki inayofuata inasomwa mbele ya washarika wote. Kama kuhesabu si dhambi kwa sadaka, kwa nini kuwe dhambi kwa miti? Tena Mwanzo 2:15 inampa mtu kazi mbili bustanini, kulima na kutunza. Sisi tumeifanya ile ya kwanza kuwa sherehe, ya pili tumemwachia mke wa mlinzi.

Na wapo waliolielewa hili zamani. Wangari Maathai, ambaye alisoma kwa watawa kule Kansas kabla ya kurudi Kenya, alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake walipewa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliopona. Siyo uliopandwa, uliopona. Hilo neno moja linabadilisha kila kitu. Wachagga nao walikuwa na mifongo yao ya maji, na kila kaya iliyotumia mfongo ilikuwa na zamu ya maji na zamu ya kuusafisha. Hakuna aliyechinja mbuzi siku ya kuchimba halafu akaondoka.

(Na kabla hatujawanyoshea kidole wa nyumbani, tuangalie mifuko ya takataka tunayoacha sisi nyuma ya ukumbi kila baada ya chakula cha pamoja. Sahani za kutumia mara moja, mifuko minne mpaka mitano, wakati kabati la wenye ukumbi limejaa sahani za udongo na tumeruhusiwa kuzitumia. Tunachoogopa ni kuosha.)

Kamati inakutana Jumamosi ijayo na pendekezo langu nimeshaliandika. Miche 200 badala ya 1,000, na iwe ya kienyeji kadiri itakavyopatikana. Matangi mawili na gata za kuzunguka bati. Posho ya mlinzi na mkewe kwa miezi yote ya kiangazi, kwa miaka 3. Uzio wa kuzuia mbuzi. Fulana na bango vifutwe, pesa yake isaidie tangi la kwanza. Kila Novemba miti iliyo hai ihesabiwe, na idadi isomwe humu ukumbini pamoja na mapato ya sadaka, hata kama ni ya kuaibisha. Nimebakiza jambo moja tu: ninatafuta mtu wa kuhesabu ambaye hayumo kwenye kamati. Mwenye mdogo wake au shangazi yake anayeishi jirani na kanisa lile, tafadhali anione kabla ya Jumamosi.